Pale Ambapo Hatukupiga Magoti

Kila nikisikia harufu ya alumeti iliyozima sasa hivi, ule moshi mwembamba unaokwaruza pua, miguu yangu inataka kupanda juu ya kitu. Kiti, jiwe, kitanda, chochote. Wajukuu wangu wamekwisha kuliona na wamelifanya muchezo: wanawasha kijiti cha kiberiti, wanakizima mbele yangu, halafu wananiangalia. "Koko, panda!" wanasema. Ninacheka nao, maana huwezi kuwaeleza watoto kila kitu wakati maharagi yako motoni. Lakini ninyi wa umri wangu, mliolelewa juu ya mawe meusi ya Mugunga wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, ninyi hamutacheka sana.

Moto wenyewe siuogopi. Nimepika tangu kimo changu kilipokuwa kama cha jembe. Ninaogopa moto unaozimika bila mutu kuupuliza.

Watu wetu walikuwa wameshuka kutoka milima ya Masisi. Kule juu udongo ni mulaini, ukianguka unachafuka tu. Huku chini ukianguka unatoka damu, kwa sababu yote ni mawe ya volkano, na kati ya mawe watu wanatafuta kaudongo kidogo wanapanda viazi na maharagi. Baba alikuwa anapakia mizigo kwenye malori kule Goma, mama anauza maharagi sokoni, wote wawili wanaondoka na ukungu wa asubuhi. Sisi tulibaki na koko, mama wa mama yetu, mwanamuke murefu, mwembamba, aliyekuwa anaongea na Mungu kama vile unavyoongea na jirani aliyeazima sufuria yako. Hakupaza sauti, wala hakubembeleza. Alimukumbusha tu.

Mimi sikusoma sana. Nilifika troisième primaire, darasa la tatu, ile ya nne niliingia kwa mulango mumoja nikatoka kwa mwingine. Kwa hiyo mutanisamehe nikiyaeleza haya kama nilivyoyaona na macho, si kama wanavyoyaeleza wale wenye vyombo vya kupima. Walikuja baadaye wakasema ni hewa nzito inayotoka chini ya ardhi. Sawa. Sisi tulikuwa tunasema mazuku.

Nyuma ya shamba letu la maharagi kulikuwa na bonde dogo, limezama kama beseni, ukubwa wake kama uwanja wa nyumba tatu. Pale majani yalikuwa ya kijani kuliko mahali pote. Hata wakati wa kiangazi, mawe yakiwa yanaunguza miguu, kule chini kulikuwa na majani mazuri, marefu, yenye umande. Na ndani ya majani kulikuwa na vitu vimelala. Ndege amefungua mabawa. Mijusi. Siku moja paka wa jirani. Walikuwa wamelala vizuri, bila jeraha, bila damu, na hawakuamka.

"Ni mazuku," koko alisema. "Ni kama maji. Weye huyaoni, lakini ni maji. Mutu murefu anaweza kupita na kichwa chake juu. Mbuzi haiwezi. Mutoto haiwezi. Na hata mutu murefu, akiinama kuokota kitu, amekwisha."

Alikuwa na desturi yake, na nyumba nyingi za pale zilikuwa nayo. Alifunga majani makavu kwenye ncha ya muti murefu, akayawasha na alumeti, akayashusha bondeni polepole. Moto ukiendelea kuwaka mpaka chini, mbuzi wanapita. Lakini asubuhi, kabla ya jua, moto ulikuwa unashuka, unashuka, halafu pah, unazimika kama umebanwa na vidole viwili. Moshi unabaki umelala juu ya kitu kisichoonekana, laini, kama maziwa juu ya meza. Koko alivuta muti wake, akatema mate pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Bado analala."

Nani? Hilo ndilo lilikuwa linaniamsha usiku. Nani analala pale?

Ngojeni nieleze upande mwingine, maana bila huo hamutaelewa. Siku za Jumamosi tulikuwa tunasoma katekisimu kwenye kanisa dogo la mbao. Mwalimu wetu tulimwita Papa Katekista tu. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa hayatakiwi na serikali, kila mutu alitakiwa awe na jina la mababu, na yeye, mutu muoga kidogo, hakutaka tumwite lile alilopewa na padri wala hakutaka kulikana. Basi akabaki na cheo. Alikuwa na kinga, ile baiskeli, iliyokwisha, akipanda barabara anashuka anaisukuma, na sauti nzuri sana. Alipofundisha, kitu kilikuwa kinaingia.

Alitufundisha kwamba Roho wa Mungu ni kama upepo, humuoni, hujui ametoka wapi. Wiki nyingine akatufundisha hema ya watu wa zamani, mahali patakatifu pa ndani kabisa, ambapo mutu akiingia vibaya anaanguka chini na kufa bila kupigwa. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikaa nimekauka kwenye benchi. Nilipajua pale mahali. Palikuwa nyuma ya maharagi yetu.

Tangu siku ile nikipita karibu na bonde nilikuwa ninaharakisha. Nilijiambia: kama ni Shetani, mbona majani yake ni mazuri vile? Na kama ni Mungu, mbona anaua ndege? Nilifikiria vyote viwili, nikaona vyote viwili vinaogopesha sawasawa. Ikanibidi nimuulize mutu mukubwa. Nilimufuata Papa Katekista nje, akiwa ameinamia guruduma la kinga yake.

"Papa, ule upepo wa mazuku ni wa nani?"

Hakuinua kichwa. "Upepo wote ni wa Mungu, mutoto wangu. Nishikie hii pompe."

Nikamushikia pompe.

Sasa Bahati. Bahati alikuwa mudogo wangu, mutoto wa tumbo kubwa na sauti kubwa, ambaye alikuwa bado anasema "koko" kwa watu wote wenye kitambaa kichwani. Alikuwa na mbuzi wake mudogo. Alimwita Kabuzi, hakutafuta jina mbali. Wawili wale walikuwa wanakula kwenye sahani moja, mama alikuwa anapiga kelele, wanatawanyika, halafu wanarudi.

Asubuhi ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kulipopambazuka hakukuwa na upepo hata kidogo. Ziwa lililo chini yetu lilikuwa kimya. Moshi wa majiko haukupanda, ulikuwa unatambaa chini ya miguu yetu. Koko alijaribu kuwasha majani yake, yakagoma, yalikuwa yamelowana. Akatupa muti.

"Leo hakuna kupita kule mpaka jua lipande," akasema. "Furaha, umesikia? Mbuzi mutafungia hapa juu."

"Ndiyo, koko."

"Na huyu mukubwa wa familia umuangalie."

Bahati akasema, "Mimi ni mukubwa wa familia!" Koko akamwambia, "Mukubwa, pangusa makamasi," akachukua jembe akaenda kwenye maharagi.

Nilikuwa ninafunga mbuzi mama kwenye jiwe, kamba imelowa, haikubali fundo. Kabuzi akaruka. Kila kabuzi kanaruka, hiyo ndiyo kazi yake. Kakaenda moja kwa moja kwenye kijani. Bahati akakafuata anacheka. Nilipogeuka alikwisha kushuka, majani yako kwenye magoti yake, ameinua mikono kama mutu anayeingia ziwani na anaona maji ni baridi. Kabuzi kalikuwa kamekwisha kulala. Bahati akasimama juu yake, akainama kukaamsha. Halafu akakaa chini. Alikaa kama mutu aliyechoka na safari. Halafu akalala ubavu, akaweka shavu lake juu ya kabuzi.

Hakulia, hakukohoa. Mpaka leo kitu kinachonitisha si kelele. Kelele naijua: niliishi baadaye karibu na kambi ya askari ya Katindo, nikasikia risasi, nikasikia volkano pia. Kinachonitisha ni mutoto anayelala vizuri mahali pasipo pake.

Nilipiga kelele kumwita koko, na nikiwa ninapiga kelele, miguu yangu ilikuwa inashuka. Na hapa nieleze akili yangu ilivyokuwa, kwa sababu watu wazima wanafikiri mutoto anakimbia tu. Mutoto anafikiri sana. Nilijua niko mahali pa nani. Nilijua Bahati ameingia vibaya. Na nilikuwa nimefundishwa dawa yake: mbele ya patakatifu, mutu anapiga magoti, anafunga mikono, anaomba rehema. Basi nikafika pale majani mazuri yanapoanza, nikapiga magoti.

"Baba yetu," nikasema.

Kitu kikanichoma puani. Nilikuwa nimekunywa limonadi mara moja tu, kwenye karamu ya ubatizo, nikainywa haraka ikapanda puani: ilikuwa vile vile, lakini bila utamu. Kifua kikaanza kukimbia peke yake. Kichwa kikapiga ngoma. Nikafikiri, anakuja. Anaamka, ananikaribia, nitamuona. Nikafunga macho ili nisimuone, nikainamisha kichwa zaidi, kama Papa Katekista alivyotuonyesha.

"Furaha! Simama!"

"Ninasali, koko," nilijaribu kusema.

"Utasali ukisimama! Simama wima, weye mutoto! Mungu hakuweka masikio kwenye magoti yako!"

Akanishika sikio, kweli sikio, akanivuta nalo mpaka juu ya mawe. Nikatapika. Nilipoinua macho, koko alikuwa amekwisha kunipita. Alisimama kwenye ukingo, akavuta pumzi, akavuta tena, ya tatu akaifungia ndani, mashavu yakajaa. Akashuka. Alitembea na shingo imenyooka, kidevu juu, kama wanawake wanaotoka kuteka maji na ndoo imejaa. Hakutazama chini hata kidogo. Alikuwa anapapasa na muguu wake, huku macho yako mawinguni, mpaka muguu ukamugusa Bahati.

Halafu akainua jembe.

Ninyi mutasema ni wazi alitaka kufanya nini. Mimi sikujua. Niliona koko wangu anasimama juu ya mudogo wangu na jembe hewani, na nilikuwa nimeona makaburi yakichimbwa. "Koko, usimuzike!" nililia. "Hajakufa, koko, usimuzike!" Jembe likashuka. Likashika shati lake begani, koko akavuta, shati likapasuka. Ilikuwa shati ya zamani ya baba iliyokatwa. Uso wa koko ulikuwa umebadilika rangi, macho yametoka. Angeweza kuinama. Hakuinama. Akarudisha jembe, akalipitisha polepole chini ya kwapa la mutoto, kama unavyoingiza jembe chini ya kiazi usichotaka kukikata, akamuinua mpaka mukono wake mwingine ukafika. Akamubandika begani. Akatoka.

Alipofika kwenye mawe pumzi yake ikafunguka na mulio kama mubao unaopasuka, akaanguka na Bahati juu yake.

"Juu," akasema. "Jiwe lile la juu. Mubebe."

Nilimubeba. Sijui nilimubeba namna gani, alikuwa muzito kama gunia lililolowa. Midomo yake ilikuwa kama ya mutu aliyekula zambarau. Koko akafungua kikwembe chake kiunoni, akabaki na gauni la ndani lililotoboka, mbele ya barabara ya Sake yote, akanitupia. "Mupepee."

Nikamupepea. Hewa ilikuwa nzito, haikutaka kusogea. Koko alikuja kwa mikono na magoti, akajishikilia kwenye jiwe, akasimama. Akainua uso wake. Sala yake ninaikumbuka neno kwa neno, haikuwa ndefu.

"Bwana, ile pumzi ni yako, sikatai. Lakini huyu alikuwa bado anaitumia."

Halafu akaniambia niweke kidole chini ya pua ya Bahati. "Hapo hapo. Usitoe. Ukisikia kitu, uniambie."

Niliweka kidole. Nilisikia baridi ya ngozi yake na unyevu wa makamasi ambayo mukubwa wa familia hakuwa amepangusa. Sikusikia kitu kingine. Koko alikuwa anapepea sasa, kikwembe kinapiga pa, pa, na kila mara kidole changu kilinidanganya.

"Inatoka?"

"Ni kikwembe, koko."

"Angalia vizuri."

"Ni kikwembe."

Akaacha kupepea ili tuone. Nikamuomba asiache. Akasema nyamaza. Tukanyamaza, na ule ukimya ulikuwa ndio ule ule wa bondeni, umetufuata mpaka juu ya jiwe. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na nimeona siku nyingi. Halafu juu ya kidole changu kikapita kitu chembamba, cha vuguvugu, kama uzi. Kikakatika. Nikangoja. Kikapita tena.

Sasa sikieni ujinga wa mutoto, au sijui kama ni ujinga. Sikufurahi. Nilivuta kidole nikalia, kwa sababu nilifikiri ni mazuku yanatoka ndani yake. Yalikuwa upepo usioonekana, na huu pia ulikuwa upepo usioonekana. "Koko, yako ndani yake! Yanatoka!"

"Rudisha kidole." Koko alikuwa analia na kucheka. "Hiyo si mazuku, mupumbavu wangu. Hiyo ndiyo ile ingine. Ile Mungu aliyompulizia mutu wa kwanza, wa udongo. Angalia, bado ni ya moto."

Nikarudisha kidole. Bahati akakohoa, akatapika juu ya mukono wangu, akafungua macho mekundu akauliza, "Kabuzi?" Na ziwa, likiwa limechelewa sana, likaanza kutuma upepo wake.

Watu walikuja, wakaongea, wakanywa chai yetu yote. Mama aliporudi alimupiga Bahati, akamukumbatia, akamupiga tena. Wanaume walimutoa Kabuzi mchana, upepo ulipokuwa mwingi. Yote hayo ni habari za watu wakubwa. Kwangu mimi woga haukutoka, ulihama tu. Bonde nililiogopa kidogo sasa, lilikuwa limebaki mahali pake. Lakini ule uzi mwembamba chini ya pua ya Bahati ulikuwa unatembea nyumbani kwetu mchana wote. Ulikuwa unakula, unakimbia, unagombana, na hakuna kilichoushikilia. Nilikuwa ninamufuata na kidole. Akilala juu ya mukeka ninamuweka kidole. Akiwa anakula ninamuweka kidole. "Yaya, niache nipumue!" alikuwa ananililia mimi mukubwa wake, na koko anamwambia, "Ndiyo hiyo pumzi anayoitaka."

Kanisani nilikataa kupiga magoti. Benchi yote inashuka, mimi nimesimama kama muti. Koko alimueleza Papa Katekista, na yeye, nashukuru, aliniacha nisimame.

Halafu ikafika siku ya kutuuliza maswali, kabla ya komunyo ya kwanza. Tulikaa kwenye mabenchi, anaita mumoja mumoja. Swali langu lilikuwa jepesi, kila mutoto alikuwa analijua.

"Furaha. Mungu yuko wapi?"

Jibu lilikuwa: yuko mbinguni, duniani na mahali pote. Nilikuwa nimelisema mara nyingi nikipalilia. Lakini niliposimama, Bahati alikuwa mulangoni amekuja kunichungulia, na mudomo wangu ukasema kitu kingine.

"Yuko chini ya pua ya Bahati."

Ai, watoto walicheka! Kijana mumoja nyuma akapiga kelele, "Kwenye makamasi!" na benchi lake likaanguka. Nikasimama tu, masikio yanawaka. Papa Katekista hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa kwenye bonde letu mchana ule, alikuwa mumoja wa waliomutoa Kabuzi.

"Na anaweza kutoka pale?" akaniuliza.

"Anaweza, Papa."

"Wakati gani?"

"Wakati wowote. Hasemi."

Halafu polepole, mbele yetu wote, mutu mukubwa yule mwenye sauti nzuri akainua mukono wake akaweka kidole chini ya pua yake mwenyewe, akakaa hivyo anasikiliza. Mutoto wa mbele akamuiga kwa muchezo. Wa pili akamuiga. Yule kijana wa nyuma aliinua kidole akiwa bado na kicheko mudomoni, na niliona kicheko kinamutoka usoni, niliona dakika ile ile alipousikia uzi wake. Hakuna aliyecheka tena. Tulikaa vile, vidole chini ya pua, kanisa lote la mbao kimya, tunaogopa wote pamoja, na hakuna mutoto aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa mukono.